Turubai, Shemeji na Besi ya Tatu

Naomba niwahi kabla habari haijavuka bahari yote. Klipu ya shemeji iko kwenye grupu la ukoo, iko kwenye grupu la Waswahili wa Georgia, na asubuhi hii mama mkwe amenipigia kutoka Tanga. Akasalimia vizuri, akaulizia watoto, akaulizia hali ya hewa, halafu kimya, halafu nikasikia kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Kwa hiyo ameona. Kichwa alichoweka shemeji, kwa herufi kubwa, ni "PANYA CHINI YA MKEKA". Mnaomjua mnajua hana huruma.

Tatizo la klipu ile ni kwamba inaanza katikati. Haionyeshi upepo. Haionyeshi somo nililowapa watu muda mfupi kabla, na lilikuwa somo zuri. Inaanza pale nimeshakuwa kivimbe kinachotambaa chini ya turubai la plastiki la kufunikia uwanja wa besiboli, basi wenye haraka wameshahukumu. Tulieni nieleze, maana jambo lenyewe lina ufundi wake.

Tulikuwa Birmingham, Alabama, pale Rickwood Field, mashindano ya vijana wa miaka 14. Ndio uwanja mkongwe kuliko vyote vya besiboli ya kulipwa vilivyobaki vimesimama Marekani. Ulifunguliwa Agosti 18, 1910, na tajiri wa chuma aliyeitwa Rick Woodward, na mpaka leo ukikaa jukwaani unaona nguzo, paa na ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mikono. Timu mbili ziliugawana kwa miaka mingi, Barons ya weupe na Black Barons ya weusi, na katika hiyo ya pili ndipo Willie Mays, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, alipocheza mwaka 1948 akiwa na miaka 17, bado mwanafunzi wa sekondari. Mwaka huohuo Black Barons walifika fainali ya mwisho kabisa ya ligi za weusi, wakafungwa na Homestead Grays. Mays alifariki Juni 18, 2024. Siku mbili baadaye ligi kuu ilicheza mechi hapohapo kwa heshima ya ligi zile, Cardinals wakawafunga Giants 6 kwa 5.

Nimeyasema haya ili mjue vijana wetu waliingia pale kwa adabu. Kulikuwa na mzee mmoja wa kujitolea, kofia imefifia, akiwatembeza na kuwaonyesha Mays alikuwa akisimama wapi kule uwanja wa nje, zile nyasi pana zilizo mbali na mpigaji. Wakavua kofia. Wengine waliinama kugusa nyasi. Shikeni picha hiyo, kwa sababu saa moja baadaye nyasi zilezile nilikuwa nazipima kwa tumbo.

Kwa ajili ya mechi ile ya 2024 ligi kuu ilifumua eneo lote la kuchezea na kulijenga upya. Kwa hiyo jukwaa ni la babu, ila chini ni kitu cha kisasa, na kitu cha kisasa kina masharti. Udongo wa uwanja wa ndani wa besiboli, yaani eneo lenye besi, vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji lazima avikanyage kwa zamu (ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ya nyumbani anakopigia mpigaji), si udongo wa kawaida. Ni mfinyanzi uliochanganywa kwa vipimo na mchanga na vumbi laini, unaotakiwa uwe na unyevu kidogo, usiwe mkavu wa kupasuka wala wa kunata kwenye kiatu. Mvua ya dakika kumi ikiukuta wazi, siku imekwisha. Ndiyo maana kuna turubai.

Sasa turubai. Hapa ndipo wengi mnapodhani tunazungumzia lile la kufunikia mahindi kwenye fuso. Uwanja wenye besi zilizoachana futi 90, yaani mita 27.43, unahitaji turubai la futi 170 kwa 170. Karibu mita 52 kila upande. La polithini iliyofumwa, lile jepesi, ni kilo 540 hivi likiwa kavu. La vinyli linakaribia tani. Halikunjwi kama shuka. Linakunjwa katikati kwa urefu, linakuwa matabaka mawili, halafu linaviringishwa kwenye bomba pana la plastiki linalolazwa kando ya uwanja. Mvua ikitisha, watu wanasukuma bomba kutoka upande wa besi ya kwanza kwenda wa tatu, nalo linaacha nyuma turubai likiwa limefunika nusu ya mbele, ile yenye besi ya nyumbani. Kisha mnajipanga kwenye ukingo wa tabaka la juu, mnakimbia nalo kuelekea uwanja wa nje, linafunguka, linafunika nusu iliyobaki. Watu 14 wanatosha kukiwa shwari. Kukiwa na upepo, tafuta 20.

Tulikuwa 14. Wazazi watupu. Mmoja alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi na hakukiacha mpaka mwisho, nampa heshima yake.

Mimi ndiye niliyetoa maelekezo, kwa sababu kwenye uwanja wetu wa nyumbani ndiye mtu wa turubai. Nilisema hivi, na mashahidi wapo. Kwanza, zuieni ukingo wa upande upepo unakotokea kabla ya kufungua chochote: viroba vya mchanga, kimoja kila hatua tatu. Pili, ukingo unaouvuta uweke chini, usawa wa goti, usiunyanyue kifuani, kwa sababu ukiunyanyua umeufungulia upepo mlango. Tatu, ng'oeni mifuko ya besi na kuziba mashimo yake kwa vizibo, ili turubai lisikwaruzwe na maji yasiingie kwenye soketi. Nne, na hili nililisema mara mbili nikiwa nimenyoosha kidole: usizungushe kamba ya turubai mkononi. Shika kwa kiganja. Upepo ukiingia chini, achia. Turubai linanunuliwa. Bega halinunuliwi.

Nikawapa na mfano, kwa sababu mimi napenda mifano. Oktoba 13, 1985, pale St. Louis, Vince Coleman wa Cardinals alikuwa anajinyoosha kabla ya mechi ya nusu fainali. Huyu ni mtu aliyeiba besi 110 msimu ule, yaani kukimbilia besi ya mbele bila kusubiri mpira upigwe, na wadakaji, wale wanaokaa nyuma ya mpigaji, walimuweza kwa nadra. Turubai la mashine likaanza kujifungua taratibu, likampanda mguu. Akakosa mechi zote zilizobaki, fainali ikiwemo, na Cardinals wakalala kwa Royals katika mechi ya saba. Nikawaambia wazazi: mwendo wote ule, akakamatwa na kitu kinachokwenda polepole kuliko bibi harusi. Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Shemeji hakucheka, alikuwa anaangalia chaji ya simu.

Upepo ulikuwa unatoka nyuma ya besi ya nyumbani, unapuliza kwenda uwanja wa nje. Upepo mgongoni, hali nzuri kabisa. Viroba tukavipanga upande wa nyumbani. Bomba likasukumwa, likaenda sawa. Besi ya kwanza ikang'olewa, ya tatu ikang'olewa na kuzibwa. Ya pili aliyepewa ni yule wa kahawa. Tuendelee.

Wingu lilikuwa bado halijanguruma. Wanaoishi kusini mwa Marekani wanajua mvua za alasiri za kiangazi zinavyofanya. Mvua inapoanza kushuka ndani ya wingu, inasukuma hewa baridi chini, hewa ikifika ardhini haina pa kwenda, inatawanyika mbele ya mvua kwa kasi. Ukisikia ghafla ubaridi shingoni wakati kulikuwa na joto la kuchemsha mayai, una sekunde chache tu, na upepo unaokuja hauna lazima ya kutoka kulekule ulikotoka wa kwanza. Hili nalo nalijua. Ningeweza kulifundisha.

Tukashika ukingo. Mimi katikati, kwa sababu katikati ndiko kuzito. Nikahesabu moja, mbili, tatu, tukakimbia. Na hapa naomba tuende taratibu, maana klipu haina sehemu hii na mimi nimekuwa nikiiona kila nikifumba macho.

Hatua za mwanzo zilikuwa nzuri mno. Turubai likipulizwa kutoka nyuma linajaa hewa kidogo na kuelea, na 14 mnajisikia mko 40. Nikapita kichuguu cha mrushaji, kile kilima kidogo cha katikati. Nikaona besi ya pili mbele yangu, nyeupe, imekaa palepale, haijang'olewa. Nikageuza shingo kumtafuta mtu wa kahawa nimwambie neno. Kamba ilikuwa inateleza kwa jasho. Mkono wangu wa kulia, bila kunishirikisha, ukaizungusha. Mara moja. Halafu kwa usalama, mara ya pili.

Ubaridi ukanipiga usoni.

Usoni, jamani. Si shingoni. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka uwanja wa nje, unatuingia moja kwa moja kwenye ukingo ambao wote tulikuwa tumeunyanyua kidogo kwa furaha. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele: "Achiaaa!" Na wazazi 13 wenye nidhamu wakaachia, kama walivyofundishwa. Nawasifu. Kazi safi.

Ukingo ukasimama. Ukuta wa plastiki ukapanda mbele yangu na mkono wangu wa kulia ukapanda nao. Nikabaki kwenye vidole vya miguu, kisha kwenye kidole kimoja, kisha sikuwa kwenye chochote. Wanaosema nilipanda mita tatu wanaongeza chumvi. Shemeji, ambaye bado alikuwa anatafuta kitufe cha kurekodi, anasema kama nusu mita. Tukubaliane mita moja. Nilikuwa juu kwa muda wa kutosha kuona jukwaa, paa, na yule mzee wa kofia iliyofifia akinitazama kwa makini bila mshangao mkubwa. Kiatu cha kushoto kikaondoka. Nikamsikia kijana wangu kutoka kwenye kibanda cha wachezaji akisema, kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa kawaida namlipa ili aizungumze: "Baba, achia!"

Ningeachia, mwanangu. Kamba ndiyo iliyokuwa haitaki.

Kisha upepo ukapumua. Kamba ikafunguka yenyewe. Nikatua kwa makalio karibu na besi ya pili, na kabla sijajua nimevunjika wapi, anga likawa la fedha. Turubai lilikuwa linarudi chini, lote, juu yangu.

Watu mnaniuliza: mbona hawakukutoa? Ni swali zuri, na jibu linaniuma kwa sababu ni sahihi. Matone yalikuwa yameanza. Wazazi wakaona turubai limelala, upepo umetulia, hii ndiyo nafasi. Wakarukia ukingo kutoka pembeni, wakauvuta mpaka mwisho, wakaupigia magoti pande zote. Kuninyanyulia upenyo kungekuwa kuukaribisha upepo tena, na safari hii lingeondoka turubai, viroba na watu. Kocha aliuliza, nimesikia kwa masikio yangu kupitia plastiki: "Anapumua?" Wakamjibu anatembea. Akasema: "Basi atatokea." Nami ningeamua hivyohivyo.

Chini ya turubai si giza, kinyume na mnavyodhani. Ni mwanga wa maziwa usiokuonyesha chochote. Plastiki inakugandia mgongoni, hewa ni ya joto yenye harufu ya mpira na udongo, na mvua ikishaanza kugonga husikii hata mawazo yako. Na maji yanakusanyika. Inchi moja ya mvua kwenye turubai lile ni zaidi ya lita 65,000. Mimi nilikuwa nimebeba sehemu yangu, iliyokuwa imetengeneza bwawa dogo kiunoni na kunifuata kila nilikokwenda.

Nikapiga hesabu. Ukingo wa karibu ulikuwa uwanja wa nje, mita kumi na kitu kutoka besi ya pili. Nikipata tu uelekeo, nimetoka. Nikapapasa, mkono ukagusa mahali udongo unapokutana na nyasi. Nikajipongeza. Nyasi ni uwanja wa nje, si ndiyo? Nikasema nifuate huu mpaka, utanitoa.

Wanaojua uwanja wa besiboli wameshaanza kucheka. Kuna mipaka miwili ya nyasi. Mmoja ni wa uwanja wa nje, upinde mkubwa nyuma ya besi. Mwingine ni wa zile nyasi za ndani, mraba ulio kati ya besi na kichuguu, na mpaka wake unakwenda sambamba kabisa na njia ya wakimbiaji. Anayeufuata kwa mkono kutoka besi ya pili hatoki. Anakwenda besi ya tatu.

Basi nikaenda besi ya tatu. Kwa magoti, mita 27, nikipita kwenye udongo uliojengwa kwa vipimo. Jukwaani walikuwa wanaona kivimbe kikiondoka besi ya pili na kushika njia sahihi ya mkimbiaji, bila kupotoka hata kidogo. Hapa ndipo klipu inapoanza. Mtasikia vijana wa timu zote mbili wanapiga kelele "Nenda! Nenda!" na kocha wa besi ya tatu, mtu mzima mwenye familia, amesimama kwenye mvua anazungusha mkono, ishara ya kumwambia mkimbiaji asisimame aunganishe mpaka nyumbani. Sikuwa nasikia. Nilikuwa nasikia mvua na moyo.

Karibu na besi ya tatu mpaka wa nyasi unakata kona. Nikakata nao. Kumbukeni mfuko wa besi haukuwepo, na kizibo kilikuwa mita kadhaa kulia kwangu. Sikukigusa. Nitarudi kwa hili, kwa sababu wengine hawakulisahau.

Baada ya kona nikapapasa kulia, nikakuta mstari wa chokaa. Nikafurahi sana, kwa akili zangu chokaa ni mpaka, na mpaka una nje. Kweli una nje, ila ungeuvuka, mpumbavu wewe, usingeufuata! Nikaufuata. Kidogo ikaingia mdomoni, na kwa faida ya wanaochora viwanja huko nyumbani niseme: chokaa ya uwanja iwe kalsiamu kaboneti, ile ya kusagwa kutoka kwenye mawe. Msitumie chokaa ya kupakia ukuta wala ya kuzimuliwa kwa maji. Ile inaunguza ngozi na macho, na mchezaji anayeteleza kwa tumbo juu yake anaweza kuishia hospitali. Ya Rickwood ilikuwa sahihi. Haina ladha.

Nikagonga kitu kigumu cha mpira. Besi ya nyumbani. Hapo ndipo nilipojua niko wapi duniani. Mbele kidogo niliona vivuli vya viroba na, kati ya viroba viwili, kivuli cha mtu mnene aliyekaa kuuzuia ukingo. Nikamgonga mgongoni. Hakusogea. Nikamgonga tena. Nikasikia: "Subiri shem, bado narekodi."

Nilitoka kupitia ubavu wake, kichwa kwanza, kiatu kimoja, miwani imejaa matope, mdomo mweupe. Nikabaki nimelala kifudifudi, mkono mmoja mbele. Mwamuzi mkuu alikuwa amesimama hapohapo kwenye mvua. Angeweza kuwa amekimbilia kibandani kitambo, ila alibaki, na alibaki kwa sababu moja tu. Akainama akanitazama. Akavuta pumzi. Akapanua mikono yote miwili usawa wa mabega kwa nguvu zake zote.

"Salama!"

Jukwaa la mwaka 1910 lina paa. Sauti inayopigwa chini ya paa lile haipotei, inarudi. Ilinirudia.

Nikadhani imeishia hapo. Lakini mlinda besi ya tatu wa timu pinzani, mtoto mwembamba mwenye meno ya waya, alikuwa ameshafika mbele ya mwamuzi. "Bwana mwamuzi, hakugusa besi ya tatu. Tunakata rufaa."

Mdakaji wetu, ambaye kwa bahati mbaya ni kijana wangu, akaingilia kunitetea. Akasema besi haikuwepo, atagusaje kitu ambacho hakipo? Yule mwembamba akajibu kwamba besi ikiondoka mahali pake, mkimbiaji anatakiwa aguse mahali ilipokuwa, na huyu anko alikata kona kwenye nyasi, watu wote wameona. Kijana wangu akafikiri kidogo, akanigeukia, akasema: "Baba, ana hoja."

Mwamuzi akainua mkono. Muda umesimamishwa, akasema, mpira umekufa. Mpira ukiwa umekufa hakuna rufaa. Subirini mchezo uanze tena.

Radi ikapiga, wote tukakimbia.

Mengine nitayapitia haraka. Ukisikia radi unasubiri dakika 30, na kila mngurumo mpya unaanza hesabu upya, kwa hiyo tulikaa ndani ya jukwaa muda mrefu sana na kila mtu alikuwa na nafasi ya kuja kunipa pole huku mabega yanatikisika. Mke wangu alinifuta uso kwa leso, akauliza kwa upole nilikuwa natafuta nini huko chini. Kiatu kililetwa na mtoto. Yule mzee wa kofia iliyofifia akaja akakaa pembeni yangu, kimya kwa muda, halafu akaniambia Mays alikuwa mwepesi kidogo kuliko mimi.

Mvua ilipokatika tukavuta turubai kwa kona ili maji yamwagike nje ya mstari wa kulia, mbali na udongo. Nilishika kwa kiganja. Chini kulikuwa kukavu, isipokuwa mfereji mmoja usio na maelezo mengine kutoka besi ya pili hadi nyumbani, ambao nilikabidhiwa reki niusawazishe mwenyewe. Pale bwawa langu lilipovuja tulifyonza kwanza kwa sifongo, kisha tukamwaga mfinyanzi uliochomwa, ule wa punje unaouzwa kwa mifuko ya kilo 22 na kitu. Usimwage punje kwenye dimbwi kabla hujatoa maji, utapata uji. Hapo hatukukosea chochote.

Mwamuzi akaita mchezo uanze. Hakukuwa na mkimbiaji kwenye besi yoyote. Mrushaji wao akapanda kichuguu, akashika mpira, na badala ya kurusha kwa mpigaji, akashuka nyuma ya ubao wa mrushaji kwa utaratibu wote unaotakiwa na sheria, akageuka, akarusha mpira besi ya tatu. Yule mwembamba akaudaka. Akaukanyaga mfuko. Kisha akanyoosha glavu yake kuelekea jukwaani, safu ya nne, mahali nilipokuwa nakula njugu zangu kwa amani.

Uwanja mzima ukageuka. Mwamuzi wa besi akaangalia mfuko, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko. Hakuharakisha hata kidogo. Halafu akainua ngumi.

"Nje!"

Kocha wetu aliyekuwa akizungusha mkono mvuani akatupa kofia chini kulalamika. Sikumwona akilalamika vile kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe.

Na mama anayetuandikia daftari la matokeo, mtu makini sana, haachi kitu, akageuka kutoka safu ya mbele na penseli mkononi. Rufaa ya kutoka kwa mrushaji kwenda besi ya tatu huandikwa 1-5, kwa kuwa daftarini mrushaji ni namba 1 na mlinda besi ya tatu ni namba 5, hilo alikuwa ameshaliandika. Alikuwa anataka namba yangu ya jezi.